Kuwatoa mafundi kwenye mirija na kuwaingiza kwenye kichujio

Juzi nimemsaidia dada mmoja mwenye maabara ndogo ya maji hapa Malindi. Mafundi wake walizoea kupima kolifomu, bakteria wanaoashiria uchafu kwenye maji, kwa mirija ya kioo, yeye akanunua vifaa vya kuchujia maji ili bakteria wanaswe na kuhesabiwa. Maabara ya watu wachache haifungwi wiki nzima ili watu wasome. Sampuli za visima haziishi, na hoteli nazo zinataka ripoti zao. Fanyeni hivi.

1. Anza na yule anayepinga, mara nyingi ndiye mkongwe. Akishaielewa, yeye ndiye awafundishe wenzake. Ukimtanguliza kijana aliyetoka chuo jana, mzee atarudia mirija yake ukigeuka tu.

2. Kuchuja: mililita 100, kichujio cha mikroni 0.45, kibano kipitishwe motoni. Kichujio kikishachuja kiwekwe kwenye sahani ya maabara, na namba ya sampuli iandikwe chini ya sahani, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

3. Chakula cha lauri salfeti, kinacholisha bakteria waliobaki kwenye kichujio, kinataka sahani zikae kwanza saa 1 hadi 4 kwenye joto la kawaida, ndipo ziingie inkubeta (kabati la joto) nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18. Weka temometa ndani, usiamini namba za mlangoni. Stima ikipotea, andikeni saa.

4. Kuhesabu. Hapa ndipo tulipokesha. Sahani moja, mafundi wawili, majibu mawili yaliyoachana mno, na kila mmoja anaapa macho yake ni mazima. Kweli yalikuwa mazima. Mmoja alihesabu sahani ilipotoka tu, mwenzake baada ya chai na mahamri. Koloni, yaani vishada vya bakteria, za manjano hubadilika rangi zikipoa, kwa hiyo hesabu iishe ndani ya dakika 15. Msitoe sahani zote kwa mpigo. Toeni chache, mzihesabu, ndipo mtoe nyingine. Zinazohesabiwa ni za manjano za milimita 1 hadi 3; za waridi na zisizo na rangi ziacheni.

Kisha wapimane: kila fundi ahesabu peke yake, aandike kwenye kikaratasi, akikunje. Mtumie sahani yenye koloni 20 hadi 80, kwa kuwa yenye tatu haimfunui mtu. Wakipishana zaidi ya asilimia 10, wakae na lenzi na sahani ileile, waoneshane koloni moja moja. Asikemewe mtu, la sivyo kesho watanong'onezana majibu.

5. Kwa muda, kila sampuli ipite njia zote mbili. Waambie mapema kwamba namba hazitalingana sawasawa: ya mirija ni makadirio ya jedwali, ya kichujio ni koloni zilizoonekana. Wasiwasi ni pale njia moja inaposema maji safi na nyingine inakataa, tena kwa kurudiarudia.

6. Rekodi ziwe kwenye daftari la kurasa zenye namba, kwa kalamu ya wino. Kompyuta baadaye.

7. Siku ya kuacha mirija, tarehe iingie kwenye faili na fomu za zamani ziondoke mezani. Zikibaki kwenye droo, kuna mtu atazijaza.