Kabla king'ora hakijalia: maandalizi ya kulipua machimbo ya chokaa Tanga

Mwamba wa chokaa wa Tanga una matumbo. Anayebisha aende mapango ya Amboni akaone maji yalivyoutoboa. Ndiyo maana maandalizi huanzia kwa mchorongaji, yule anayetoboa matundu ya kutia baruti: kekee ikizama ghafla kama imekosa jiwe, aandike ni tundu namba ngapi, mita ya ngapi. Mjazaji asipojua ataendelea kumimina baruti pangoni, na mawe ya siku hiyo yatakwenda yanakotaka yenyewe. Penye uwazi pazibwe kwanza. Baruti ikizidi hesabu ya tundu, kazi isimame. Juu ya baruti fukia kokoto. Vumbi la kuchorongea halishikani, litafyatuka kama kizibo cha soda.

Mitambo iondoke kabla ya kujaza. Ekskaveta iliyokufa betri ni jambo dogo asubuhi. Mchana, matundu yakishajaa, nani ataleta lori kuivuta juu ya baruti?

Cheti cha mlipuaji kiwe hai, hilo halina mjadala.

Kazi kubwa ni watu. Migodi mingi ya wazi huwaondoa hadi mita 500, lakini Tanga hii ni mji wa baiskeli, na baiskeli haingoji barabara. Mlinzi awekwe kwenye kila kinjia, si getini tu. Siku moja kabla, wagonga kokoto, wachunga mbuzi na mwenyekiti wa mtaa waambiwe saa ya kulipua, nayo isigongane na watoto kutoka shule. Wafanyakazi waitwe kwa majina. Niliwahi kuona hesabu ikitimia kwa sababu dereva wa lori la mchanga alihesabiwa pia, huku fundi mmoja amelala chini ya mwembe.

Masika yana mawili. Radi ikianza kunguruma, wote watoke kwenye matundu. Na baruti ya chengachenga ikilowa hulipuka vibaya na kutoa moshi wa rangi ya chungwa. Huo ni sumu, uachwe upeperuke.

Mlipuko ukiisha, anayeingia kwanza ni mlipuaji. Kama utambi umegoma, asubiri angalau nusu saa. Kitako cha tundu la zamani kisichorongwe tena hata kikionekana kitupu. King'ora cha salama atakiamuru yeye, na walinzi wasibanduke njiani hadi wakisikie.