Namna ya Kuandaa Violezo vya Bei katika Programu ya Kuuzia Tiketi

Kiolezo cha bei ni jedwali linalohifadhiwa ndani ya programu ya kuuzia tiketi, nalo hueleza nani atalipa kiasi gani, kwa kiti cha daraja gani, na kwa kununua kupitia njia ipi. Onyesho jipya linapoingizwa kwenye ratiba, mwendeshaji hana haja ya kuandika bei moja baada ya nyingine. Huchagua kiolezo kinachofaa na bei zote hujijaza. Wengi husifu violezo kwa sababu vinaokoa muda. Mimi naona faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba karani wa dirishani haachiwi kuamua bei huku foleni ikimsubiri. Kila jambo ambalo kiolezo hakikuliamua litaamuliwa na mtu mwenye haraka, na makarani wawili hawataliamua kwa namna moja.

Kwa sababu hiyo, kazi huanzia kwenye karatasi. Kabla ya kufungua programu, kaa na msimamizi wa ukumbi pamoja na mhasibu, mjibu maswali manne: mnunuzi ni nani, atakaa wapi, onyesho ni la wakati gani, na tiketi inanunuliwa wapi. Majibu ya maswali haya yanapaswa kubaki yametengana hadi mwisho. Kosa linaloharibu mifumo mingi ni kuyachanganya katika jina moja, kwa mfano kuunda aina ya tiketi iitwayo «Mwanafunzi Mchana Mbele Mtandaoni». Ukumbi wenye aina 5 za wanunuzi, madaraja 3 ya viti, nyakati 2 za maonyesho na njia 2 za mauzo utajikuta na majina 60 ya kutunza, na bei ikibadilika mahali pamoja itabidi majina kadhaa yarekebishwe kwa mkono. Ukivitenganisha, unatunza aina 5, madaraja 3, violezo 2 (kimoja kwa kila wakati wa onyesho) na njia 2, na programu yenyewe ndiyo inayovikutanisha wakati wa kuuza.

Aina za tiketi

Programu nyingi huwa na orodha kuu ya aina za tiketi ambayo violezo vyote huchota kutoka humo. Jaza orodha hiyo kwanza. Majina yawe mafupi na yaeleweke na mnunuzi, kwa kuwa yatachapishwa juu ya tiketi na kuonekana kwenye ukurasa wa mauzo. Pale ambapo umri ndio unaoamua bei, taja mipaka yake waziwazi na uhakikishe haiingiliani: mtoto akiwa ni wa «hadi miaka 12» na kijana ni wa «kuanzia miaka 12», mwenye miaka 12 ana bei mbili, na mzozo utatokea mlangoni.

Mtoto mchanga anayeingia bure naye aundiwe aina yake ya tiketi yenye bei ya sifuri, iwapo anahesabiwa katika idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwamo ukumbini kwa usalama. Bila tiketi yake, mfumo utaonyesha nafasi ambazo kwa kweli zimekwisha. Tiketi ya mwaliko vilevile iwe aina inayojitegemea, wala isiuzwe kama tiketi ya mtu mzima yenye punguzo la asilimia 100, maana taarifa ya mauzo itaonyesha punguzo kubwa lisilokuwepo na itamlazimu mhasibu kuchambua miamala mmoja mmoja. Tiketi ya mwenza anayemsaidia mtu mwenye ulemavu, kama ukumbi unaitoa, iwekewe sharti kwamba haiwezi kuuzwa peke yake. Programu nyingi zina kisanduku cha kuweka utegemezi wa namna hiyo. Aina zinazohitaji kitambulisho nazo ziwekewe alama ambayo mkaguzi wa mlangoni ataiona anaposoma tiketi kwa mashine.

Aina ambayo imekwisha kuuzwa usiifute hata kama haitumiki tena. Izime tu, kwa sababu taarifa za miezi iliyopita zinaitegemea.

Madaraja ya viti

Ramani ya viti huchorwa kando. Kazi ya kiolezo ni kulipangia kila daraja la viti bei yake. Angalia kwamba majina ya madaraja kwenye ramani na kwenye kiolezo yanalingana, kisha chunguza programu yako inafanya nini na kisanduku kilichoachwa wazi. Zipo zinazokichukulia kuwa aina hiyo haiuzwi katika daraja hilo, na zipo zinazokisoma kama sifuri na kutoa kiti bure. Andika sifuri pale tu unapokusudia kutoa bure, na pale usipotaka kuuza, zima mauzo badala ya kuacha kisanduku kitupu.

Kodi, ada na punguzo

Hapa ndipo fedha hupotea kimyakimya, kwa hiyo hatua hii inastahili muda kuliko nyingine zote. Amua kwanza kama bei unayoandika imekwisha kujumuisha kodi. Chukulia bei ya 12,000 na kodi ya asilimia 20. Ikiwa kodi imo ndani, kiasi chake ni 12,000 mara 20 gawanya kwa 120, yaani 2,000, na ukumbi unabaki na 10,000. Anayechukua asilimia 20 ya 12,000 atapata 2,400 na atakuwa anajikata zaidi ya inavyotakiwa katika kila tiketi. Ikiwa kodi inaongezwa juu, mnunuzi atalipa 14,400. Kisanduku kimoja cha «bei inajumuisha kodi» kikiwekwa vibaya, kiolezo kizima kitakuwa na makosa ingawa kila namba iliyomo imeandikwa sawasawa.

Ada ya huduma huleta maswali yake: inatozwa kwa kila tiketi au kwa kila oda, inatozwa kodi au haitozwi, na mnunuzi akirudishiwa fedha inarudi au inabaki. Jambo linalosahaulika zaidi ni mpangilio wa hesabu. Tiketi ya 12,000 yenye ada ya 500 na punguzo la asilimia 10 itakuwa 11,300 ikiwa punguzo linakatwa kwenye bei pekee, na 11,250 ikiwa linakatwa kwenye jumla. Tofauti ni 50 tu, lakini ukumbi wa viti 400 ukijaa inafika 20,000 kwa onyesho moja. Ushauri wangu ni kukata punguzo kwenye bei kwanza, kisha kuongeza ada, kwa kuwa mara nyingi ada hulipia gharama ambayo haipungui kwa sababu mnunuzi amepewa nafuu.

Mnunuzi aonyeshwe jumla kamili tangu bei inapotokea mara ya kwanza mbele ya macho yake. Nchini Marekani hili si hiari tena: kanuni iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inawataka wauzaji wa tiketi za maonyesho ya jukwaani na matamasha kutaja bei pamoja na ada zote za lazima. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, mtu anayekuta kiasi kimepanda katika hatua ya mwisho ya malipo ana haki ya kuhisi amedanganywa, na ukumbi unaomheshimu hautamtendea hivyo.

Kwa wanunuzi wa kudumu kama watoto na wanafunzi, ninapendelea bei iliyoandikwa kwa kiasi kamili kuliko asilimia. Ni kweli kwamba asilimia hujirekebisha yenyewe bei ya msingi inapopanda, lakini asilimia 15 ikikatwa kwenye 7,250 inaacha 6,162.5, na karani anayepokea fedha taslimu hatakuwa na chenji ya kiasi hicho. Asilimia ziachiwe matangazo ya muda mfupi, na kila moja iwekewe kanuni ya kukadirisha: juu au chini, na kwa kiwango gani. Kagua pia idadi ya desimali za sarafu katika mipangilio ya programu, kwani yeni ya Japani haitumii desimali na dinari ya Kuwait ina tatu.

Njia za mauzo na ruhusa

Kwa kila aina, weka alama ya mahali inapouzwa. Tiketi za mwaliko zisionekane mtandaoni kabisa. Uwezo wa kubadilisha bei wakati wa kuuza upewe wasimamizi wachache, na mfumo uwalazimishe kuandika sababu.

Ofa ya wanaowahi kununua mapema iwe na tarehe na saa. Ukiandika tu kwamba inakwisha tarehe 15, programu moja itaifunga siku hiyo inapoanza na nyingine inapokwisha. Hakikisha pia saa ya mfumo inafuata saa za mahali ukumbi ulipo, kwa sababu seva inaweza kuwa katika nchi nyingine.

Kubadilisha bei na kujaribu

Kabla hujarekebisha kiolezo kinachotumika, tambua kama maonyesho yaliyomo kwenye ratiba yameunganishwa nacho au yalinakili bei zake yalipoundwa. Yakiwa yameunganishwa, badiliko lako litayafikia yote papo hapo, pamoja na yale ambayo bei zake zimekwisha kutangazwa. Tiketi zilizouzwa kwa kawaida hubaki na bei yake, ila wenye tiketi za onyesho moja watakuwa wamelipa viwango tofauti bila kuelezwa sababu. Njia salama ni kunakili kiolezo, kukipa jina lenye mwaka na mwezi wa kuanza, kwa mfano «Jioni 2026-03», na kukitumia kwa maonyesho mapya pekee.

Kisha unda onyesho la majaribio ambalo umma haulioni. Uza tiketi moja ya kila aina, katika kila daraja, kwa kila njia. Zichapishe, rudisha fedha za baadhi yake, badilisha moja iende onyesho jingine, halafu toa taarifa ya mauzo na uilinganishe na karatasi ile ya mwanzo, mstari kwa mstari, ukimpa kazi hiyo mtu ambaye hakukijaza kiolezo, kwa sababu aliyekijaza huona alichokusudia badala ya kilichoandikwa. Onyesho la kwanza la kweli likiisha kuuzwa, mhasibu arudie ulinganisho huo kwa fedha halisi zilizopokelewa, na hesabu zikikubaliana, funga kiolezo kisihaririwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa aliyepewa dhamana hiyo.