Vayoleti ya Usambara kwenye joto la Dar: jinsi ya kuilea bila kuiozesha

Watu wengi wanadhani hili ua limetoka Ulaya kwa vile wameliona kwenye vikopo vya bei kali, kumbe kwao ni Tanga tu hapo, Usambara. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo alilituma kwao mwaka 1892, mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia ionantha na toka hapo likasambaa madirishani dunia nzima. Siku hizi wataalamu wamelihamishia ukoo wa Streptocarpus, hayo tuwaachie wao. Ninachotaka ukishike ni jinsi linavyoishi porini: linaota kwenye nyufa za mawe, chini ya miti mikubwa, udongo kiduchu, jua la kuchujwa na majani, hewa ina unyevu ila mizizi haikai kwenye maji, na majani yake yanabaki kijani mwaka mzima. Ukiliwekea hali hiyo nyumbani kazi karibu imeisha.

Unyevu wa hewani Dar tunao wa bure. Shida yetu ni joto na mkono mwepesi wa kumwagilia, na hivyo viwili vikikutana shina linaoza katikati ndani ya siku chache, unaona majani yamelegea unadhani lina kiu unaongeza maji, ndo unalimalizia kabisa. Kwahiyo kabla hujamwagilia ingiza kidole, udongo wa juu ukiwa umekauka ndo uweke, ukiwa na unyevu achana nalo hata kama limelegea.

Maji weka kwa chini, yaani kopo likae kwenye sahani yenye maji kama nusu saa linyonye, alafu mwaga yaliyobaki. Majani yana manyoya, yakilowa yanapata mabaka, hasa maji yakiwa ya baridi. Na maji ya kisima yale ya chumvi ambayo nusu ya mji tunatumia, hapana, chumvi inajikusanya juu ya udongo na kwenye ukingo wa kopo na majani ya chini yanaungua vishina. Kinga maji ya mvua, ndo dawa. Ya bomba nayo fresh, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza.

Udongo wa bustani peke yake ni mzito mno. Mi napenda makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji iliyooza vizuri, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, vipimo sawa sawa. Makumbi yaoshe kwanza mara kadhaa yatoe chumvi. Kopo liwe dogo, hata la mgando linafaa ukilitoboa chini, maana kopo kubwa linashika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza.

Liweke dirisha la mashariki, jua la asubuhi mpaka saa mbili hivi linatosha, baada ya hapo kivuli chenye mwanga. Likikosa mwanga linarefusha vikonyo na halitoi ua hata moja. Januari na Februari litoe kwenye dirisha linalochemka, feni izungushe hewa chumbani, ila AC isilipulize moja kwa moja. Mbolea ya NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kidogo sana, robo ya kile walichoandika kwenye pakiti, na ukizidisha naitrojeni utapata majani mazuri tu ya kutazama.

Ukiona vidudu vyeupe vya pamba pamba kwenye vikonyo, chovya kijiti cha masikioni kwenye spiriti ufute kimoja kimoja, na hilo kopo litenge na mengine.

Kuzalisha ni rahisi kuliko mmea wowote ninaoufahamu. Kata jani zima la katikati, sio la zamani sana, acha kikonyo cha sentimita 3 hivi, kichomeke kwa mshazari kwenye mchanganyiko ule ule, funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uweke kivulini. Mizizi inatoka kama mwezi, vitoto vinafuata mwezi wa pili au wa tatu, vikifika ukubwa wa sarafu vitenganishe. Kwahiyo usiende kung'oa msituni Amani, ile ni hifadhi na huko lenyewe linazidi kupungua, omba jani kwa jirani au tafuta kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo, na kabla hujalipa angalia kati ya mmea kama pagumu, pakiwa laini liache hapo hapo.