Hesabu sauti: nani anaongea kwenye stori zenu?

Kabla ya kuandaa semina ya usawa kwenye chumba cha habari, fungueni daftari. Chukueni stori 50 zilizotoka ndani ya wiki mbili, bila kuchagua zile nzuri, mhesabu kila aliyenukuliwa. Aliyetajwa tu haingii. Aliyepigwa picha bila kusema naye haingii, na hapo ndipo wengi hujidanganya: mama wa Kimaasai na shanga zake anapamba ukurasa, lakini maneno yote ni ya ofisa biashara.

Kwa kila mtu andikeni jinsia, umri wa kukadiria, anakoishi, ulemavu kama ameutaja mwenyewe, na nafasi aliyopewa: mtaalamu, kiongozi, shuhuda au mlalamikaji. Msikisie kabila kwa kusikia jina; kama hakuulizwa, acheni wazi.

Sensa ya 2022 ilionesha wanawake ni 51% ya Watanzania. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari (GMMP), unaofanya hesabu ya namna hii kila baada ya miaka mitano tangu 1995, mwaka 2020 uliwakuta ni 25% ya watu wanaotajwa au kusikika kwenye habari duniani. Lakini safu inayouma zaidi ni ile ya nafasi. Mafuriko yakija bonde la Jangwani, Dar es Salaam, mkazi analia na mhandisi anaeleza. Aliyeishi bondeni kwa miaka 20 anajua maji huanzia upande gani na kalavati lipi huziba. Aulizwe sababu, si hasara tu.

Chanzo cha tatizo mara nyingi si chuki. Aliyeita mkutano na waandishi ndiye anayesikika, na dedilaini ikikaribia mwandishi hupiga namba aliyonayo. Kwa hiyo tengenezeni orodha ya pamoja ya namba, kila mwandishi aongeze watu wawili kwa wiki, awapigie siku ambayo hana haraka. Aandike pia saa wanazopatikana: mama lishe wa Kariakoo umpigie mchana wateja wamejaa, hapokei.

Kwa msailiwa kiziwi, tafuteni mkalimani wa lugha ya alama mapema kupitia Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), na malipo yake yawe kwenye bajeti ya stori. Ndugu wa familia asikalimani. Huwa anafupisha, au anajibu kwa niaba. Mkalimani akae karibu na mwandishi, asiwe na dirisha nyuma yake, maana mwanga ukitoka huko mikono na uso havionekani vizuri. Swali lielekezwe kwa msailiwa, siyo "mwulize kama…".

Maneno nayo. "Zeruzeru" ni tusi. Andikeni mtu mwenye ualbino. "Bubu" liacheni, "kiziwi" halina shida. Mtu hajafungwa kwenye kiti cha magurudumu, anakitumia. Kagueni tena baada ya kichwa cha habari kuwekwa, kwa sababu neno lililofutwa ndani hurudi pale juu likitafuta ufupi. Kabila au dini ya mtuhumiwa ina kipimo rahisi: angekuwa wa kabila la mhariri, ingeandikwa?

Mwezi wa pili wa hesabu hii, kosa hubadilika sura. Mtu mwenye ulemavu anapigiwa Desemba 3 tu, mwenye ualbino Juni 13 tu, kwa sababu ni siku zao za kimataifa. Wapigieni kuhusu nauli ya mwendokasi, ada za shule, bei ya unga. Kosa jingine ni kubandika nukuu moja mwishoni ili hesabu ipendeze. Ukurasa ukijaa, aya hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Wekeni safu moja zaidi: je, msemaji huyu yumo ndani ya aya tano za kwanza?