Somo: Vifaa janja vya nyumbani, anza na ukuta wako kabla ya kwenda dukani

Habari zenu wakuu. Vifaa janja ni taa, soketi, swichi na kamera unazoziendesha kwa simu kupitia mtandao. Swali ninaloulizwa sana ni "kampuni gani nzuri?" Hilo tuliweke mwisho kabisa. Soketi au taa ya bei mbaya ikiingia kwenye nyumba yenye waya usiofaa na intaneti ya kuungaunga, inabaki pambo. Nendeni kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Taja kazi. "Nataka nyumba janja" siyo kazi. "Nataka taa ya getini iwake jioni na izime asubuhi hata nikiwa safarini" ndiyo kazi. Na hiyo haihitaji hata intaneti: swichi ya kuhisi giza, ile mafundi wanayoiita fotoseli, inaimaliza kwa hela kidogo.

Hatua ya 2: Angalia Wi-Fi. Vifaa vingi vya bei nafuu vinatumia gigahezi 2.4 tu. Rauta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja, kifaa kikigoma kuunganishwa mtu anadhani kauziwa kibovu. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, yape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha unganisha kwenye 2.4. Hotspot ya simu yako usiihesabu, ukitoka nyumbani unatoka nayo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo. Volti mara ampea unapata wati. Soketi janja ya ampea 10 kwa volti 230 inabeba wati 2,300, hapo ndio mwisho wake. Chaja, feni na TV hazina shida. Pasi na birika la umeme vinakaribia ukingo. Hita ya bafuni ya kuchemsha maji papo hapo inaweza kupita wati 5,000, hiyo usiiwazie kabisa. Soma namba iliyo kwenye soketi yenyewe. Ikitofautiana na ya boksi, rudisha dukani.

Hatua ya 4: Fungua swichi kabla ya kununua swichi. Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Kwenye nyumba zetu nyingi, ndani ya swichi ya taa kuna waya mbili tu: laivu (waya unaoleta umeme) inayoingia na ule unaopanda kwenye taa. Nyutro, waya unaorudisha umeme, imepita darini moja kwa moja hadi kwenye holda. Swichi janja ina redio ndogo ndani ambayo lazima ibaki hai hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo nyingi zinadai nyutro palepale ukutani. Zipo zisizodai, huja na kikapasita (kifaa kidogo cha umeme) cha kufunga pamoja na taa, ila ukiwa na LED ya wati chache inaweza kumwekamweka au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Mwite fundi, azime mein swichi, afungue, atazame. Akikwambia "nyutro hakuna, tutumie waya wa ethi", mlipe nauli aondoke. Ethi ni ya kinga. Ukiipitishia umeme wa kazi, siku waya huo ukiachia mahali, bodi za chuma za vifaa vyako zinaweza kuanza kupiga shoti.

Hatua ya 5: Jaribu umeme kukatika. Dukani, izime taa kwa programu, chomoa, chomeka tena. Imewaka yenyewe? Taa nyingi zimepangwa hivyo tangu kiwandani, na umeme ukirudi saa 9 usiku nyumba nzima inawaka huku LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inakimbia. Tafuta mpangilio wa "baki ulivyokuwa". Kama hakuna, acha hiyo taa. Kwa pampu ya maji chagua "baki umezimwa".

Hatua ya 6: Sasa kampuni. Tafuta nembo ya Matter, kiwango cha pamoja kilichotoka 2022 ambacho Apple, Google, Amazon na Samsung wamekikubali, ili usifungwe na programu moja. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani, zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, inayosaidia simu na kompyuta kuzipata tovuti kwa majina yake, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

MASWALI

*Fundi, kamera yangu inamaliza bando. Nipo Mwanza.*
Inarusha video mtandaoni muda wote. Hata kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, siku nzima ni zaidi ya GB 10. Weka memori kadi, irekodi humo, data iliwe pale tu unapofungua kutazama.

*Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki waya ziguswe.*
Nunua balbu na soketi, hamia navyo. Tazama holda kwanza, ya pini au ya kuzungusha. Kero yake ni watoto: wakizima swichi ya ukutani, simu haiwezi kuiwasha balbu. Bandika juu ya swichi ile rimoti ya betri inayouzwa na balbu.

*Nataka kamera ndogo chumbani kwa dada wa kazi, ipi haionekani?*
Hapana, dada yangu. Weka sebuleni na getini, na mwambie zipo.

*Mkuu, umeme ukikatika huku Mombasa kamera nayo inakufa. Nifanyeje?*
Nunua UPS ndogo ya rauta (betri inayoshika kazi umeme ukikatika), lakini soma adapta zako kwanza. Rauta nyingi ni volti 12, nyingine 9, na kamera nyingi ni 5 za USB. Chukua UPS yenye matundu ya volti unazohitaji, na kila kifaa kiingie kwenye tundu lake. Rauta ya wati 12 pamoja na kamera ya wati 5 ni wati 17. UPS ya watisaa 32 (yaani wati 32 kwa saa moja) haifikishi saa mbili, kwa hiyo kama kwenu umeme unakaa sana bila kurudi, panda kwenye kubwa zaidi.