Kabla hujanunua vyerehani, zunguka mtaani kwanza

Jamani tuambizane ukweli, kila mradi wa vijana ukija hapa Tanga ni cherehani, saluni na bodaboda, ukiuliza nani kasema ndo zenye soko unaambiwa "vijana wamechagua wenyewe". Kijana wa Makorora anachagua alichokiona, asichokijua atakichaguaje? Mi mwenyewe nilishasimamia darasa la ushonaji, mabinti ishirini mtaa mmoja, baadae nakuta vyerehani vinauzwa, na sikuwa nimemuuliza hata fundi mmoja wa Ngamiani.

Siku hizi nabeba daftari naenda hela inapozunguka, Deep Sea alfajiri samaki wakishushwa, gereji, stendi ya Kange, kwenye mkonge. Chongoleani napita pia, pale linapoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda, ila ajira zake nyingi ni za wakati wa kujenga tu, kwahiyo usimpe mtu matumaini ya miaka kumi. Usiulize "mna nafasi za kazi?", utajibiwa hamna. Uliza mwezi uliopita ulimlipa nani afanye nini, nani ulimtafuta ukamkosa, aliyeacha kazi aliacha kwa nini. Mzee mmoja wa boti kaniambia mashine ikimzingua anasubiri fundi siku mbili huku barafu inayeyuka, hapo ushapata kitu, lakini usikimbilie kufundisha thelathini! Hesabu boti, hesabu mafundi waliopo, pengine soko linabeba watatu.

Halafu rudi kwa kijana mwenyewe, hapa ndo wengi tunateleza. Yule anayebeba ndoo za dagaa anakula alichopata leo, kozi ya miezi sita mchana kutwa atakuja wiki ya kwanza tu. Muulize nauli, NIDA anayo, na binti mwenye mtoto nani anamshikia. Mi naona bora akae kwa fundi nusu siku na posho ya kula, ujuzi ukikolea VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Mtaji wa kikundi waulizie halmashauri, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni za vijana na haina riba.

Na daftari usilifunge. Ukihesabu boti wakati wa kaskazi, rudi tena kusi ikivuma, uone ngapi zimelala ufukweni.