Vihatarishi vya kaboni kwenye kampuni: anza na daftari la fundi wa friji

Mteja wa Uholanzi akikutumia dodoso refu kuuliza kampuni yako inatoa hewa ukaa kiasi gani, usikimbilie kuajiri mshauri. Karatasi nyingi unazohitaji ziko kwa mhasibu na stoo. Mfano wangu ni kampuni inayolima na kufungasha maua na maharagwe machanga mkoani Arusha, soko lake Ulaya.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi za mwaka mzima. Risiti za dizeli, bili za TANESCO, ankara za mizigo ya ndege. Kisha mtafute fundi wa friji na daftari lake: aliongeza kilo ngapi za gesi kwenye vyumba vya baridi? Hili husahaulika, maana kwenye leja malipo yake yameandikwa "matengenezo" basi.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Fuata mgawanyo wa GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu hewa ukaa na gesi nyingine za joto. Wigo wa kwanza ni unachochoma au kuvujisha mwenyewe, wa pili ni umeme ulionunua, wa tatu ni wanachotoa wengine kwa ajili ya biashara yako, kama ndege inayobeba maua. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. Zidisha, umemaliza.

Kwenye gesi ya friji, tulia. Kilo moja ya R-404A, aina mojawapo ya gesi ya friji, ikivuja, joto inaloliongezea dunia ni sawa na la kilo 3,922 za hewa ukaa. Kilo 10 kwa mwaka ni tani 39, sawasawa na kuchoma karibu lita 14,600 za dizeli! Nimeshuhudia vikao vikibishana kuhusu jenereta huku mabomba ya friji yanavuja nyuma ya ukuta. Hesabu gesi iliyoongezwa tu. Ile iliyojazwa siku ya kufunga mtambo mpya haihusiki. Na mtungi upimwe kwenye mizani kabla na baada ya kazi, vinginevyo fundi atakukadiria kwa macho.

Hatua ya 3: Tafuta pesa itapotelea wapi. Marekebisho ya Kigali ya 2016 kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yanapunguza gesi za aina hii awamu kwa awamu. Mtambo wa bei chee unaoununua leo unaweza kukosa gesi, au gesi yake ikapanda bei, kabla hujamaliza mkopo. Hicho ni kihatarishi, kiandike.

Usafiri una pande mbili. Wanunuzi wanasukuma maua yapande meli kwa kuwa kaboni yake ni ndogo mno kuliko ya ndege. Lakini tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na waridi halisubiri. Andika zote mbili.

Tozo ya kaboni ya mpakani ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza rasmi Januari 2026, haigusi maua. Inahusu saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Kama huuzi hivyo kule, ruka.

Hatua ya 4: Weka bei ya ndani ya kaboni. Tuseme dola 50 kwa tani. Hakuna anayeilipa, unaiongeza kwenye ulinganisho wa manunuzi. Mtambo unaovuja kilo 10 unabeba karibu dola 1,960 za ziada kila mwaka. Rudia kwa dola 100, maana kwenye soko la Ulaya la vibali vya kutoa kaboni, tani iliwahi kupita yuro 100 Februari 2023. Uamuzi ukigeuka hapo, bodi ijulishwe.

Hatua ya 5: Kila kihatarishi kiwe na mwenyewe. "Idara ya mazingira" si mtu. Gesi ni ya mhandisi, mizigo ni ya meneja usafirishaji, dodoso la mteja ni la mauzo. Rejista ya vihatarishi ikae kwa mhasibu, ipitiwe kila robo mwaka.

Hatua ya 6: Krediti za kaboni, yaani vyeti vya kaboni iliyopunguzwa na mtu mwingine kwingineko, zije mwisho. Wauzaji wake watakupigia simu mapema sana. Waambie wasubiri. Ukizinunua, ziripoti kando, usizitoe kimyakimya kwenye jumla yako: IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kuripoti masuala ya tabianchi, kinataka uzalishaji uonyeshwe mzima mzima, na krediti unazopanga kutumia zielezwe peke yake. Na bomba linalovuja litaendelea kukugharimu gesi hata baada ya cheti kutundikwa ukutani.